Keki ya Kikombe Kimoja

Kanazi,
Bukoba, Kagera.
Jumamosi, 23 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Evelyne,

Salamu zangu zikufikie huko Toronto zikukute mzima, na umevaa soksi mbili. U hali gani? Kile kikohozi cha Oktoba kimekuacha? Na kiwandani kwenu, bado unapangiwa zamu ya kuingia alfajiri kuoka mikate ya watu wanaoamka saa tatu? Mimi sijambo, goti tu ndilo linanikumbusha kwamba nina miaka hamsini na sita, hasa nikisimama ubaoni vipindi viwili mfululizo. Rose wangu hajambo, yuko kidato cha tatu. Amenipita kwa urefu, na kwa ubishi amekupita hata wewe.

Huku mvua imekolea na migomba inapendeza. Senene wameanguka wengi ajabu mwaka huu, tumewachambua mpaka vidole vikabadilika rangi. Nimekukaangia kopo zima, tena bila kuchanganya na kitunguu kama unavyopenda. Ukiwakaribisha wenyeji wako wakakataa, usiwabembeleze. Wakikataa ndiyo nafuu yako.

Anayekuletea kopo hilo pamoja na barua hii ni Datius, mtoto wa jirani yetu Kamugisha, ambaye amepata nafasi ya kusoma huko. Anaondoka Bukoba kesho na atafika kwenu Jumanne. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu mlangoni. Mpikie chakula, ni mtoto mwenye adabu na hajawahi kuona baridi.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Evelyne, simu ya nyumba hii haina siri. Mama anataka iwekwe spika, tena iwe mapajani mwake, na sentensi yoyote nikiisema kwa sauti ya chini ananiambia niirudie. Nikikuandikia ujumbe, wewe unanijibu kwa picha za mioyo na viganja vilivyounganishwa. Nina jambo ambalo sitaki lijibiwe kwa mioyo. Kaa chini, weka chai pembeni, usome mpaka mwisho.

Nianze na maikrowevu uliyotutumia, kwa sababu ndiyo unayoiulizia kila mara. Ilifika salama kwa basi mwezi wa tisa, haina hata mkwaruzo. Mama alikataa isiingie jikoni ikapata moshi, kwa hiyo imewekwa sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na kitambaa cha kufuma juu yake. Mama mdogo Kokwijuka, ambaye amekuja kutoka Rubafu kunisaidia kumtunza Mama, kwa wiki nzima hakukubali kukaa kiti kinachoitazama. Alisema moto usioonekana hauaminiki.

Maelekezo yako ya keki ya kikombe nimeyajua kwa moyo sasa. Nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa badala ya sukari, yai moja, kijiko kimoja cha unga wa kakao, vijiko viwili vya shayiri iliyosagwa, maziwa kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole na bekini pauda isiyozidi robo kijiko. Koroga humo humo kikombeni, dakika moja na nusu, tayari. Chini uliandika: "Mama asikose kitu kitamu kwa sababu ya sukari yake. Ni cha mtu mmoja, Dada, hakibaki wala hakiharibiki." Nilimsomea maneno hayo mara mbili. Unajua ni miaka tisa hajaonja keki. Kwenye harusi kipande chake hukifunga kwenye karatasi akamletea Rose.

Siku ya kwanza niliikorogea kwenye kile kikombe chake cha bati, cha jubilei ya parokia, kwa kuwa ndicho anachokipenda. Wewe hukuniambia kuhusu bati! Cheche zilitoka humo ndani na mlio kama wa mtu anayechomelea geti. Mama mdogo alitaja Yesu, Maria na Yosefu kwa mkupuo mmoja akakimbilia kwenye migomba. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho kikubwa ninachokikumbuka, ndiyo maana nakuandikia.

Siku ya pili Rose alichukua ndizi bila kuuliza kutoka kwenye mkungu uliokuwa karibu na mlango. Mama alilamba ncha ya kidole tu akasema hii ni ndizi ya pombe, mnataka kunilewesha? Mara ya tatu ndipo ikakubali. Iliumuka ikapita ukingo wa kikombe, nyeusi, laini, na nilikuwa nimetia chembe ya kahawa yetu wenyewe ili ladha ya kakao ipande. Hata wewe mwoka mikate ungenipa maksi.

Hapo ndipo nilipokosea, na ualimu wangu wote. Niliweka kile kikombe kimoja juu ya sinia, na kijiko, na kitambaa kilichopigwa pasi, nikampelekea Mama peke yake. Nilijiona nimefanya mambo. Mama alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akauliza, "Vyenu viko wapi?" Nikamwambia hiki ni chakula cha mtu mmoja, ndivyo Evelyne alivyoandika. Akaisukuma sinia taratibu.

"Gaudensia," akasema, "mmeshaanza kunipikia chungu kidogo?"

Sijui kama unakumbuka. Baba alipokuwa anaondoka wewe ulikuwa na miaka saba. Kwetu ebitoke, ndizi zetu za kupika, vinamwagwa kwenye jani moja, wote tunalizunguka, mgonjwa naye anamegewa pale pale hata kama atakula tonge moja. Kumpikia mtu peke yake ni hadi pale watu wamekubaliana kimoyomoyo kwamba haamki tena. Wiki ya mwisho ya Baba mimi ndiye niliyekipika kile chungu kidogo. Jirani wakikiona juu ya mafiga hawakuuliza hali ya mgonjwa, waliuliza kama kuni za matanga zipo za kutosha. Mimi, niliyekipika kwa mikono hii, ndiye nimemwekea Mama kikombe kimoja kwenye sinia.

Nilicheka kwa nguvu ili asinione uso. Nikasema hapana Mama, vyetu vinakuja, nikarudi mbio kupika kimoja cha Mama mdogo, kimoja cha Rose na kimoja changu. Mama akasema, "Na cha Kokuhirwa." Bado hilo jina lako la nyumbani yuko nalo peke yake, sisi wengine limetutoka mdomoni. Basi tangu siku ile hiyo keki yako ya haraka haipikwi mpaka iwe vikombe vitano, kimoja kimoja, na Mama hagusi chake mpaka cha tano kitoke. Kinapotoka, cha kwanza kimeshapoa. Umeme ukikatika katikati tunakaa tunatazamana. Cha kwako anakula yeyote atakayepiga hodi. Katekista sasa amejua saa, anapita akijifanya ana tangazo.

Halafu akaniuliza wewe huko unakula nini. Nikamwambia unakula hiki hiki, ukitoka kazini, chumbani kwako. Akauliza, na nani? Nikasema peke yake. Akauliza, "Kwani ni mgonjwa?" Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Sasa lile jambo.

Picha nilizokuwa nakutumia, za vikombe vitano mezani na Mama ameshika kijiko, ni za kweli. Wewe ulijibu, "Mama anakula! Asante Yesu!" na mioyo yako. Ukweli ni kwamba alikuwa anakula vijiko viwili, kisha anakisogeza kikombe kwa Rose kama hataki nione. Kuanzia Oktoba ikawa kijiko kimoja. Ebitoke anavigusa tu. Uji anaushika mkononi mpaka unapoa. Wiki iliyopita nilipomwogesha, pete ya ndoa ilitoka yenyewe ikazama kwenye beseni. Nimeifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini.

Si sukari, Evelyne. Mwezi wa nane mimi na kaka Alexander tulimpeleka hospitali mjini kwa sababu macho yalikuwa ya njano. Wakampima, wakakuta uvimbe kwenye ini, nao umeshasambaa. Daktari alikuwa kijana mpole, alituita pembeni koridoni, akasema hakuna cha kukata wala cha kuchoma sindano. Mpelekeni nyumbani, hizi ni dawa za maumivu, mpeni chochote anachopenda kula. Nikauliza, na sukari yake? Akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau, akasema, "Mama, sukari sasa siyo tatizo."

Mimi na Alexander tulikubaliana pale pale kwenye gari kwamba tusikuambie. Karatasi zako za ukaazi zinatoka Machi, na ukitoka nje ya nchi hiyo kabla ya hapo umepoteza miaka kumi na mmoja. Tukasema tusubiri. Mama naye hatukumwambia, tulisema ni nyongo, itapoa. Wanafunzi wangu nawafundisha methali ya mficha maradhi kila mwaka, nawaandikia ubaoni na kuwapigia mstari, kumbe mwalimu wao ndiye mfichaji namba moja wa Kanazi.

Kinachoniuma zaidi utakiona ni kidogo. Tangu mwezi wa nane Mama aliruhusiwa kula sukari. Nami niliendelea kupima nusu ya ndizi kama mtu wa maabara, nikimwambia tuangalie afya, Mama, tuangalie afya. Kopo la sukari lilikuwa rafu ya juu, la wageni. Ningetia kijiko kimoja tu cha sukari kwenye kikombe chake, angejua. Na mimi ningekuwa nimekubali. Kwa hiyo keki zote zile ulizoziona pichani, zile zenye afya ulizozituma kwa upendo, zilikuwa uongo wangu. Nisamehe.

Sina matumaini, mdogo wangu. Niliseme hili mara moja nipumue. Jumuiya inakuja kila Alhamisi, tunasali rozari, naitikia vizuri kuliko wote, na moyoni hamna kitu. La kuvunda halina ubani. Alexander ndiye bado anapigana. Kila Jumamosi anatoka Ijumbi na majani ya kuchemsha na kuku hai, na majani yale namwaga nyuma ya choo akishaondoka, kwa sababu yanamtapisha Mama. Rose aliwahi kumkuta amekaa kwenye gari nje ya geti analia, amejifuta uso kisha ndipo akapiga honi kana kwamba amefika sasa hivi. Mwanaume wa miaka hamsini na mbili. Sijamwambia kwamba tunajua.

Jana Ijumaa asubuhi sikwenda shule, Mama alikuwa ameamka vibaya. Kufika saa nne akawa na nafuu, akaomba akalishwe kwenye kiti karibu na dirisha aone migomba. Mama mdogo alikuwa anamchana nywele. Akaniita, akasema nimpikie ile ya kikombe. Nilifurahi, Evelyne, nilifurahi kijinga. Nikaanza kupanga vikombe mezani, vitano kama kawaida.

"Kimoja," akasema.

Nikadhani amechoka kusubiri. Nikamwambia cha kwako nitakitanguliza Mama, sisi tutafuata. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwa Kihaya, polepole, kama anayemwelekeza mtoto mahali pa kupita, "Kimoja tu, waitu, mwanangu. Changu. Na utie sukari."

Mama mdogo aliacha kitana kwenye nywele akatoka nje. Rose alikuwa shule, namshukuru Mungu. Mimi nilipanda kwenye kigoda nikateremsha kopo la sukari. Nilitia vijiko viwili vimejaa. Nikafunga mlango wa hiyo maikrowevu yako, nikasimama mbele yake nikiangalia kikombe kimoja kinazunguka kwenye ule mwanga. Uliandika dakika moja na nusu. Sikujua kwamba dakika moja na nusu ni ndefu kiasi kile.

Alikila chote. Alikwangua kikombe, akalamba kijiko pande mbili, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Akasema, "Kumbe ndivyo kilivyotakiwa kuwa." Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, naye akanishika kichwa nikiwa nimepiga magoti pale chini. Hakuniuliza daktari alisema nini. Nadhani alijua tangu siku ile ya sinia, akakaa anatusubiri sisi tukue. Leo hajala kitu, na sikumlazimisha.

Ndiyo maana nimeandika leo. Sikuambii uje wala sikuambii usije. Machi haitamkuta, hilo nakuambia bila kuzunguka, na sidhani kama Krismasi itamkuta. Karatasi zako nazijua, jasho lako pia nalijua. Lolote utakaloamua hakuna wa kukulaumu katika nyumba hii, na wa nje akithubutu atanikuta mlangoni. Ila ukimaliza kusoma, piga simu, hata kama si Jumapili. Usimuulize kama amekula. Msimulie theluji, anapenda kusikia kwamba watu wanaikoroga kwa koleo kama uji.

Alexander na familia yake wote wa Ijumbi wanakusalimu sana. Mama mdogo Kokwijuka anasema uvae sweta, na kwamba maikrowevu ameshaisamehe. Rose anakusalimu na anauliza saizi ya viatu vyako, usimjibu, ana mipango yake. Mungu aliyekulinda njia yote hiyo ndefu aendelee kukushika mkono, akupe nguvu ya kusoma haya hata mara ya pili.

Salamu za Mama nimeziacha mwisho. Jana alipomaliza nilimuuliza, na cha Evelyne je, nisimpikie? Akasema hapana, cha Kokuhirwa kisipikwe tena hapa. Kisha akanishika mkono nisiondoke mpaka nimesikia vizuri.

"Mwandikie atafute wa kula naye," akasema. "Asile peke yake. Yeye bado hajafika huko."

Dada yako anayekupenda, sasa na baadaye,

Gaudensia